Tunaomba kibali cha mazishi ya magari

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

YAH: OMBI LA UNYENYEKEVU KUHUSU SHERIA NDOGO ZA MAGARI MABOVU NA YALIYOTELEKEZWA, WILAYA ZA TARIME NA SERENGETI, MKOA WA MARA

Mheshimiwa Waziri,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Kabla sijagusa hoja, naomba nikushukuru kwa yale ambayo bado hujayafanya. Mkubwa hushukuriwa mapema, asije akakosa muda wa kuyafanya. Nakushukuru pia kwa kuisoma barua hii. Kama hukuisoma, basi namshukuru msaidizi wako kwa kuipokea, kuigonga muhuri na kuipeleka masjala, ambako najua itatunzwa vizuri kuliko mimi ninavyoweza kutunza chochote.

Mimi ni mwananchi wa kawaida, mwenye kitambulisho cha Taifa na asiye na gari. Hilo la pili nimelitaja makusudi, nisije nikadhaniwa natetea mali yangu. Sijatumwa na chama, ukoo wala gereji. Jambo langu ni dogo, dogo kiasi kwamba naona haya kulipandisha hadi Dodoma. Lakini huku chini kila niliyemfuata kwa adabu alinijibu kwa adabu kwamba si lake.

Jambo lenyewe ni magari yaliyokufa.

Ukitutembelea, na tunakuomba sana ututembelee, msafara wako utafuata barabara kuu ya Mwanza–Musoma–Sirari, labda ukate Tarime mjini kuelekea Nyamwaga na Nyamongo, uvuke Mto Mara hadi Mugumu. Madereva wako wana mwendo mzuri, kwa hiyo huenda usiyaone. Niruhusu nikuonyeshe kwa maneno. Kuna Noah iko juu ya mawe mbele ya nyumba, na watoto waliozaliwa wakaikuta hapo sasa wanaitumia kujificha wakicheza. Kuna Land Rover ya zamani iliyobaki kibini tupu, imekuwa banda la kuku, na kuku hao, nasema kwa heshima zote, wanalala pakavu kuliko wanafunzi wa baadhi ya mabweni. Kuna trekta ambalo hakuna anayekumbuka lilikuja na mradi gani. Kuna pikipiki zimelaliana ukutani hadi huwezi kujua usukani upi ni wa tairi lipi.

Na kuna malori. Lori likiharibika usiku kwenye mlima, utingo hukata matawi ya miti na kuyatandaza nyuma yake, kisha huweka mawe makubwa kwenye tairi lisiserereke. Sheria inataka pembetatu inayoakisi mwanga, lakini tawi halinunuliwi. Siku ya kwanza matawi ni mabichi na dereva anayekuja huyaona. Siku ya nne yamekauka, yamechukua rangi ya vumbi, na lori bado lipo. Likija kuvutwa, huvutwa lori peke yake. Mawe hubaki katikati ya njia, na anayeyakuta ni bodaboda anayerudi kutoka gulioni na abiria wawili na taa moja.

Si kwamba sheria hatuna, Mheshimiwa. Tunazo za kutosha, na nyingine zina umri mkubwa kuliko magari yenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya 1973. Sheria za Serikali za Mitaa, Na. 7 kwa mamlaka za wilaya na Na. 8 kwa mamlaka za miji, ni za 1982. Ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, ya Barabara ni ya 2007. Kwa mpangilio huo mzuri, Noah iliyofia ndani ya Halmashauri ya Mji wa Tarime iko chini ya Na. 8. Majirani wakiisukuma hadi ng'ambo ya mpaka, kwenye Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, inaingia chini ya Na. 7, kwa Mkurugenzi mwingine kabisa. Ikiwa kando ya barabara kuu ni ya TANROADS. Ikiwa kando ya barabara ya wilaya ni ya TARURA, wakala ulioanzishwa 2017. Usajili wake uko Mamlaka ya Mapato, TRA. Kama iligongana, ni ya Polisi. Kama inavuja oili, ni ya wasimamizi wa mazingira. Gari zima lina mwenyewe mmoja. Likifa linapata wakubwa chungu nzima, na hapo ndipo linapokosa mwenyewe.

Nisije nikaonekana sioni kazi mnayoifanya. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na nyumba iliyoingia humo hupigwa X. Mwenye nyumba huelewa bila kusomewa. Ni mawasiliano mafupi na bora kuliko yote yanayotoka serikalini. Sasa nyumba iko mita 25 kutoka katikati ya barabara, ina X. Mbele yake, mita 2 kutoka kwenye lami, kuna gari bovu, na halina X. Nimelifikiria sana hilo nikaona sababu yake ni ya kibinadamu: nyumba ina mtu ndani wa kupewa notisi.

Naomba sasa nikueleze gari la kwetu linavyokufa, kwa sababu ukisoma sheria ndogo za usafi unaweza kudhani gari hufa kwa siku moja.

Kwanza huondoka betri, maana betri ina mteja hata usiku wa manane. Halafu tairi, mbili mbili. Redio, taa, vioo vya pembeni. Fundi huazima altaneta kwa siku mbili na hairudi. Injini na giaboksi hushushwa kwa mnyororo ulioning'inizwa kwenye tawi la mti, zikaingia gari lingine ambalo litaishi miaka mingine. Springi huenda kwa mhunzi zikawa panga. Tairi lililokwisha kipara hukatwa likawa katambuga. Siti ya nyuma huhamia kwenye kibanda cha kinyozi, na wateja hukaa humo wakisubiri zamu. Mwisho kabisa hubaki bodi lenye kutu, dashibodi iliyopasuka, sponji, nyaya zilizochunwa, vipande vya vioo, na doa jeusi ardhini mahali ambapo nyasi hazioti tena.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kile ambacho sheria zitakiita takataka ni masalio ya kazi ambayo mafundi wetu wameshaifanya bila mshahara wala zabuni. Kila chenye bei kimechukuliwa. Kilichobaki kimebaki kwa sababu kukiondoa kunagharimu kuliko kinavyolipa, na faini haiigusi hesabu hiyo. Tuseme mtu ameshindwa shilingi elfu hamsini za kulivuta bodi hadi kwa mnunuzi wa skrepa. Ukimtoza laki mbili kwa kushindwa, hajapata ile elfu hamsini. Atafanya jepesi lililo mbele yake: atalivutia nyuma ya nyumba, au atalisukumia korongoni usiku. Kesho yake taarifa itaandikwa kwamba mtaa umesafishwa, na itakuwa taarifa ya kweli kabisa.

Wapo wenzetu wanaolipangia gari mazishi kabla halijafa. Japani, kulikotoka nyingi ya Noah, Probox na Hiace zetu, wana sheria ya kurejeleza magari iliyoanza kutumika kikamilifu 2005. Mwenye gari hulipa mapema ada ya kushughulikia mabaki, gesi ya kiyoyozi na mifuko ya hewa. Fedha hiyo hukaa kwenye mfuko ikisubiri gari life. Lakini gari likiuzwa nje ya nchi kabla ya kufa, aliyelisafirisha anaweza kudai ada hiyo akarudishiwa. Hatuwalaumu, gari haliwezi kuzikwa kule na huku pia. Ila maana yake ni kwamba Probox hushuka bandarini Dar es Salaam ikiwa na tairi la spea, jeki, na redio inayotusalimia kwa Kijapani, lakini pesa ya mazishi imebaki ilikotoka.

Wala huku hatuwezi kusema haikutozwa kitu. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda, tangu 2018, imeweka ukomo wa miaka 15. Sisi kwa ukarimu wetu hatukufunga mlango. Gari dogo lililozidi miaka 8 tunalitoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Mwananchi wa Mugumu anayenunua mkweche anakuwa ameshaulipia ukweche wake bandarini, kabla hata haujamsumbua. Swali langu ni la kijinga na nalileta nikiwa nimeinama: katika fedha hiyo ya uchakavu, hakuna kidogo kinachoweza kulisindikiza gari hadi kwenye shimo lake? Au uchakavu ukishalipiwa huhesabiwa kuwa umekwisha?

Nisisahau kushukuru pia kwa mwaka 2017, Serikali ilipofuta ada ya kila mwaka ya leseni ya magari na kuihamishia kwenye bei ya mafuta. Tulishangilia, na bado tunashangilia. Kabla ya hapo gari lililo juu ya mawe liliendelea kulimbikiza deni, na mwenye nalo alilificha kwa kuogopa. Siku hizi gari lisilokunywa mafuta halidaiwi, na kwa kuwa halidaiwi hakuna anayehangaika kwenda TRA kulifuta kwenye daftari. Zamani kifo cha gari hakikutangazwa kwa sababu ya hofu. Sasa hakitangazwi kwa sababu hakuna anayekiulizia. Kwenye kompyuta za Taifa, ile Land Rover ya kuku bado ni gari la abiria.

Mheshimiwa, nimefika mahali ninapopaogopa. Naomba nimeze mate kwanza.

Yapo magari ambayo sheria ndogo za usafi huwa zinayapita kimya, nayo ni magari ya umma, yale yenye namba zinazoanza na ST, SM, SU na PT. Nyuma ya ofisi nyingi za umma nchini, na sisemi za wapi, utakuta Land Cruiser ya SM imezama kwenye majani hadi vitasani. Gari hilo haliwezi kuitwa takataka, kwa sababu ni mali ya umma inayosubiri utaratibu. Na utaratibu ni mzuri, sikatai: TEMESA walikague, litamkwe rasmi kuwa chakavu, kibali kitoke juu, litangazwe, lipigwe mnada. Kila hatua ina sahihi, na kila sahihi ina safari yake na posho yake. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amewahi kuandika katika ripoti zake kuhusu halmashauri zenye magari na mitambo iliyosimama muda mrefu bila kutengenezwa wala kuuzwa. Wakati sahihi zinasubiriana, gari lililokuwa na thamani ya injini linabaki na thamani ya kilo.

Kwa hiyo naomba, kalamu ikitetemeka, kwamba sheria ndogo yoyote ya magari mabovu kwa Tarime na Serengeti iwe na kifungu cha kwanza kinachosema utekelezaji utaanzia kwenye yadi za halmashauri yenyewe. Si kwa kulipiza kisasi, hasha. Ni kwa mafunzo kazini. Gari la halmashauri mwenyewe anajulikana, ofisi yake inajulikana, na dereva wake wa mwisho anajulikana. Wataalamu wakiweza kuliondoa hilo, watakuwa na ujuzi wa kutosha kuliendea la mjane ambaye mumewe alikufa na kadi ya gari haijulikani iliko.

Kuna pia suala la pikipiki, ambalo najua liko chini ya wizara nyingine, lakini kutu haiulizi wizara. Mkoa wetu ulipata heshima ya kumtoa Waziri wa Mambo ya Ndani, Mheshimiwa Kangi Lugola wa Mwibara, aliyeshika nafasi hiyo kuanzia 2018 hadi mwanzoni mwa 2020. Alikemea pikipiki kurundikwa kwenye vituo vya polisi, akasema za kukaa pale ni za aina tatu tu: zilizohusika na uhalifu, zisizo na mwenyewe, na zilizopata ajali. Kauli ilikuwa nyoofu na bodaboda walipiga honi. Tatizo ni jiografia. Sirari inatazamana na Isebania, na magendo hupita kwa pikipiki. Tumepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, na nyamapori husafiri kwa pikipiki. Mama mjamzito na gunia la mahindi navyo husafiri kwa pikipiki, wakati mwingine ile ile. Kwa wilaya zetu, aina tatu zinatosha kujaza uwanja.

Pikipiki ikikamatwa inakuwa kielelezo. Kielelezo hakina kosa, lakini pia hakina turubai. Kesi ikiahirishwa, mvua haiahirishwi. Mshtakiwa akishinda anakabidhiwa chombo ambacho siti yake imeliwa na panya na tangi limetoboka, naye hutia sahihi kwamba amepokea mali yake. Akishindwa, Jamhuri inataifisha chuma hicho hicho na kulinda hasara. Tunaheshimu mhimili wa Mahakama na hatuthubutu kuuelekeza. Tunanong'ona tu kwamba picha, namba ya chesesi na mnada wa mapema vingeweza kuwa ushahidi mzuri kuliko mfupa wa pikipiki, na fedha ya mnada haioti kutu ikisubiri hukumu.

Nirudi kwenye skrepa, maana huko ndiko bodi zetu zinatakiwa kuishia. Januari 2022 jirani zetu wa Kenya walisimamisha biashara ya chuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, wakaifungua tena Mei mwaka huo huo. Funzo lake lina pande mbili. Bila mnunuzi wa skrepa, bodi la Noah litakaa mbele ya nyumba hadi wajukuu. Na kwa mnunuzi asiyeuliza maswali, kesho kibao cha kona kali, mfuniko wa mtaro na chuma cha daraja vinapanda kwenye mizani ile ile. Kwetu biashara hii inataka kibali cha mamlaka za mazingira, na ni vyema. Lakini yule kijana wa mkokoteni anayepita nyumba kwa nyumba akiita "chuma chakavu" ndiye anayeifanya kazi yenyewe, na kibali chake ni mguu wake. Akisajiliwa kwa gharama anayoiweza, akapewa daftari la kuandika namba ya chesesi na jina la aliyemuuzia, atakuwa afisa mazingira mzuri, tena asiyedai gari la ofisi.

Kuhusu afya na maji nitapita haraka, kwa sababu wataalamu wapo. Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi na samaki wakaelea. Kamati ya uchunguzi ikatueleza kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea. Tuliipokea taarifa kwa utulivu, na ng'ombe hawakukata rufaa. Mimi sina maabara, wala simtaji Noah katika shauri lile. Ninachojua ni kwamba oili chafu inayomwagwa kando ya gereji haibaki kando ya gereji mvua ikinyesha, na betri iliyopasuliwa ina risasi na tindikali. Tairi lililotupwa hukusanya maji, na mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyosumbua Dar es Salaam 2014 na 2019, hupenda kutaga humo. Ng'ombe wetu wameshabeba lawama moja. Ingekuwa haki magari nayo yaulizwe mapema.

Sheria ndogo za halmashauri hupita mezani kwako kwa kibali kabla ya kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Rasimu ya jambo hili itakapofika, kutoka Tarime au Mugumu, naomba kwa heshima itazamwe kama, baada ya kile kifungu cha kwanza cha yadi, ina mambo haya.

Kwanza, isiite gari limetelekezwa kwa sababu tu halitembei. Lililo ndani ya kiwanja cha mtu likisubiri spea ni umaskini, si uchafu. Lililo ukingoni mwa barabara usiku ni hatari, na hilo lisisubiri kikao. Liondoke siku hiyo hiyo, na mawe yake.

Pili, wajibu utangulie faini. Uingereza, katika sheria yao ya 1978, waliibebesha halmashauri wajibu wa kuliondoa gari lililotelekezwa. Sisi tumezoea kuanza na adhabu, halafu tukifika kwenye nani ataliondoa, karatasi inakuwa imekwisha.

Tatu, notisi ibandikwe kwenye gari lenyewe na kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa, isomwe mkutanoni, iwe na tarehe ya mwisho inayojulikana. Gari lenye namba za Kenya liwe na njia yake ya taarifa kupitia mpakani Sirari, lisiachwe kwa miaka kwa sababu tu herufi zake si zetu.

Nne, kila halmashauri itenge eneo moja lenye uzio, sakafu ya zege na shimo la kukusanya oili, na mafundi wapewe nafasi humo kwa utaratibu. Wasifukuzwe mjini kwanza ndipo eneo litafutwe. Wao ndio wanaojua gari linafunguliwaje, na wao ndio watakaolipunguza kabla halijafika kwa mwenye mizani.

Tano, gari likiuzwa na halmashauri, gharama ya kulivuta ikatwe na kinachobaki kirudi kwa mwenyewe. Mtu akijua kuna chochote kitarudi, atakuja mwenyewe kulitaja.

Sita, pawe na karatasi moja. Mtendaji wa kata athibitishe kwamba gari namba fulani halipo tena, TRA waipokee karatasi hiyo, jina lifutwe. Mwenye bodi asilazimike kupanda basi mara tatu kutangaza msiba ambao majirani wote wameushuhudia.

Na kabla haya hayajachapwa, yasomwe kwenye mikutano ya vijiji, kwa Kiswahili ambacho hata karani hahitaji kukirudia. Wazee wa iritongo, baraza la jadi la Wakurya, nao wapewe nafasi ya kusikia na kuuliza. Sisemi iritongo liko juu ya sheria za nchi. Mimi ni mtiifu. Nasema tu kwamba Gazeti la Serikali halifiki Machochwe wala Nyanungu, lakini lililokubaliwa na wazee hufika hata kwa aliyelala.

Najua, Mheshimiwa, una madarasa, zahanati, vituo vya afya na mikopo ya asilimia kumi ya kuangalia, na magari mabovu yako mwisho kabisa wa orodha. Ndiyo maana sikuomba fedha kubwa. Nimeomba mpangilio tu: njia ya gari kutoka iandikwe kabla ya faini ya gari kubaki. Sheria inayoanza na faini itakusanya mapato robo ya kwanza, na robo ya pili itakuta magari yote yamehamia makorongoni, ambako hakuna wa kumtoza. Sheria inayoanza na njia itachelewa kuingiza senti, lakini mwaka ukiisha gari litakuwa limetoka, mmiliki hadaiwi, fundi ana eneo, na halmashauri haina aibu ya kupita mbele ya yadi yake.

Kama nimekosa adabu mahali, ni kalamu. Kama nimesema kweli mahali, sifa ni yako kwa kutuachia nafasi ya kusema. Majibu sitayadai; utaratibu utakaporuhusu, nitayapokea.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,
Mwananchi asiye na gari,
Mkoa wa Mara.

Nakala kwa:
Mkuu wa Mkoa wa Mara – kwa taarifa, na kwa heshima.
Wakuu wa Wilaya za Tarime na Serengeti – kwa taarifa.
Mafundi wote wa gereji – endeleeni na kazi, ila oili msiimwage.
Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri ya Mji wa Tarime, Halmashauri ya Wilaya ya Tarime na Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti – kwa utekelezaji wa kifungu cha kwanza.